Msee wa Eldy, ID Yako Iko Mikononi mwa Watu Wangapi Saa Hii?

Kabla uendelee kusoma, fanya kitu moja. Toa simu, piga *106#, fuata maelezo. Itakuonyesha laini zenye zimesajiliwa na ID yako. Hesabu. Halafu jiulize kama zote unazijua.

Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimekaa kwa mathree ya Langas, nikingoja ijaze. Nilikuwa na uhakika niko na laini mbili. Simu ikaniambia ziko tatu.

Nikarudia, nikidhani ni network. Tatu. Ile ya mwisho sikuwa nimewahi iona maishani, lakini ilikuwa yangu, jina langu, kipande yangu. Kichwa ikaanza kurudi nyuma. Kuna siku nilinunua laini kwa jamaa wa mwavuli hapo tao. Akapiga picha ya ID yangu mbele na nyuma na simu yake. Akasema imekataa, turudie. Tukarudia. Nikaenda zangu na laini moja, furaha tele juu ilikuja na bando za bure. Siwezi apa kwamba ile ya tatu ilizaliwa hapo, lakini sina mahali pengine pa kushuku.

Nilienda dukani kwa wenye laini nikaitolewa kwa jina langu. Dakika kumi, kwisha. Lakini hiyo laini ilikuwa imefanya nini huko nje? Iliibia mathe ya mtu? Ilichukua loni? Sikuwahi jua. Hiyo ndio inaniuma hadi leo, na ndio sababu naandika hii kitu.

Hakuna hacker mwenye hoodie

Tukisikia "usalama mtandaoni" tunafikiria mjamaa amefunika kichwa, kwa chumba giza, herufi za kijani zinateremka kwa skrini. Sahau huyo. Kwa wengi wetu hapa mtaani, mwizi hakuvunja kitu. Alipewa. Alipewa kidogo hapa, kidogo pale, na watu kumi tofauti, na wa kwanza kumpea ni wewe.

Cheki venye inafanya kazi. ID namba yako pekee haionekani kama kitu. Namba ya simu nayo, si hata iko kwa status yako? Tarehe ya kuzaliwa umeiandika Facebook ili watu wakuimbie. Jina tatu ziko kwa kila fomu. Moja moja, hizo ni vitu za kawaida. Zikikaa pamoja, ndizo maswali zenye mtu wa customer care anakuuliza akitaka kujua kama wewe ni wewe.

Na kuna shida kubwa zaidi: paswadi ikijulikana, unabadilisha. ID namba utazikwa nayo.

Unakumbuka Juni 2021? Wakenya walianza kucheki kwa eCitizen kama wako kwa chama chochote cha siasa. Wasee kibao wakajipata ni wanachama wa vyama hawajawahi hata kusikia mkutano wake. Hakuna mtu aliwauliza. Mtu alikuwa na jina na ID namba zao mahali, kwisha. Kama chama kinaweza kukuandikisha bila wewe kujua, mkora anashindwa na nini?

Mahali zinavuja hapa Eldy

Tulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, Kenya nzima ikatuona. Lakini kwa mambo ya data, bado tunaishi kama kijiji chenye kila mtu anamwamini kila mtu. Hizi ndizo mahali nne zenye nimeziona na macho yangu.

*Saiba.* Hii ndio mama yao. Unaingia saiba kuomba HELB, kutoa KRA PIN, kufanya eCitizen, kutafuta good conduct. Wewe hujui, mwenye saiba anajua. Anakufungulia emaili, anakuwekea paswadi, anaiandika kwa kikaratasi na kwa daftari yake "ndio usisahau". ID yako inaskaniwa, inabaki kwa Downloads ya hiyo kompyuta pamoja na za watu mia mbili waliokutangulia. Photokopi yenye imetoka vibaya haichomwi. Inatupwa kwa ndoo, na siku moja inafunga mandazi ya mtu. Sisemi mwenye saiba ni mwizi. Wengi ni wasee poa wanaosaidia mtaa. Nasema kompyuta yake inaguswa na kila mtu, na wewe umeacha maisha yako hapo.

*Daftari ya askari na ya ajenti.* Unaingia jengo kuona daktari wa meno. Askari anakusukumia daftari: jina, ID namba, simu, saa. Cheki juu ya mstari wako. Unaona majina, ID na namba za wote waliokuja asubuhi? Basi anayekufuata ataona zako. Picha moja ya haraka na simu, mtu ametoka na ukurasa mzima. Kwa ajenti ni hivyo hivyo: daftari imelala kwa kaunta imefunguka, na sisi wote tumepanga foleni tukiisoma juu hatuna kitu ya kufanya.

*Mwavuli wa laini.* Hiyo nimeshakuambia. Kitu moja ya kuongeza: msee wa kusajili laini hahitaji kubaki na picha ya ID yako kwa galari ya simu yake. Kama anapiga na kamera ya kawaida, simama hapo hadi aifute, na hadi kwa ile foldani ya vitu zimefutwa.

*Kazi za mtandaoni na kazi za majuu.* Hapa ndio tunaumia vibaya, juu hapa ndio tumaini liko. Nilipotoka chuo bila kumaliza, nilikuwa nasaka hustle kila mahali. Msee akanipata kwa grupu ya WhatsApp, akasema anafungulia watu akaunti za kazi za online, tutakuwa tunagawana. Alitaka nini? ID pande zote mbili, na selfi nimeishika karibu na uso. Nikatuma bila kufikiria mara mbili. Nilikuwa nimesota, na msee akiwa amesota haulizi maswali. Wiki tatu baadaye namba yake haikuwa inashika. Mwaka uliofuata nilijaribu kufungua akaunti yangu mwenyewe, ya ukweli. Nikaambiwa hii ID tayari imetumika.

Sasa fikiria huyo anayetuma pasipoti, cheti za shule, cheti cha kuzaliwa na stetimenti ya benki ya mzazi kwa "ajenti" wa kazi ya Qatar ama Canada, mtu hajawahi kutana naye. Sisi wa hapa Uasin Gishu tunajua vizuri ndoto ya kwenda majuu inaweza kugharimu familia nini. Doh ikipotea tunalia. Lakini zile karatasi pia zimeenda, na hizo hakuna mtu hufanya harambee ya kuzirudisha. Kabla utume kitu, cheki kama ajenti amesajiliwa na NEA, ile Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kama hayuko kwa orodha yao, hata akuitane ofisi yenye zulia nyekundu, hepa.

Sasa mkora anafanya nini nazo?

Twende pole pole hapa, juu ukielewa mchezo huwezi ingizwa box rahisi.

Mchezo wa kwanza ni kuswapiwa laini. Sisi wote tunajua ukipoteza simu unaenda dukani, unapewa laini mpya yenye namba yako ya zamani. Ni huduma poa. Mkora anaitumia hiyo hiyo huduma, lakini akiwa wewe. Ana ID namba yako, jina tatu, mwaka wa kuzaliwa. Kitu imebaki ni vitu mbili tatu zenye unaulizwa: namba unazopigia sana, pesa ya mwisho ulituma. Hizo anazipata aje? Anakupigia. "Habari ya mchana, naongea kutoka customer care, laini yako iko na shida ya usajili, tusaidie kuthibitisha." Sauti ni poa, Kiswahili sanifu, hata nyuma unasikia kelele ya ofisi. Tayari anakuambia jina lako lote na ID namba. Wewe unafikiria: si huyu ananijua? Basi unamalizia zenye zimebaki.

Ona hapo vizuri. Ile ID namba ilivuja kwa daftari haikutumika kufungua mlango. Ilitumika kukufanya *umwamini*.

Wengi wetu tunajua jina la Mulot, ile tao ndogo mpaka wa Bomet na Narok yenye makachero wa DCI wamevamia mara nyingi wakisaka wasee wa hii kazi. Na simu zingine zimekuwa zikitoka ndani ya jela, hadi "wakora wa Kamiti" ikawa msemo. Hawa hawana digrii ya kompyuta. Wako na orodha ya majina, bando ya kupiga, na subira.

Laini ikishaswapiwa, yako inakufa. Network inapotea ghafla hata kama uko katikati ya Zion Mall. Huko kwingine, namba yako imewaka kwa simu ya mtu. Meseji za benki zinaenda kwake. Namba za siri za kubadilisha paswadi ya emaili zinaenda kwake. Ikiwa pia ameipata PIN, ama amefaulu kuibadilisha, M-Pesa anaifagia. Akikosa kitu ndani, anachukua Fuliza, anachukua M-Shwari. Yaani hata kama huna kitu, unaweza kuibiwa pesa hujapata bado.

Mchezo wa pili ni WhatsApp. Unapata meseji kutoka kwa beshte yako wa ukweli, namba yake, foto yake: "Aki nimekutumia namba sita kimakosa, nirudishie." Unarudisha. Hizo namba sita zilikuwa ufunguo wa WhatsApp yako. Dakika mbili baadaye uko nje ya akaunti yako, na mkora yuko ndani ya grupu ya chama, ya familia, ya wasee wa primo, akiomba thao tano "nitarudisha jioni". Mathe anatuma, juu ni wewe umeomba. Huyo beshte yako naye alikuwa ameshachezwa hivyo hivyo saa moja mbele yako. Hivyo ndio inatembea, kama homa kwa bweni.

Apu za loni: unapeana na namba za wengine

Hapa wengi tunajua uchungu. Ukiweka apu, inauliza: niruhusu kusoma kontakti? Niruhusu kuona meseji? Unabonyeza ndio, ndio, ndio, juu unataka soo tano ya unga. Ukichelewa kulipa siku mbili, wanaanza kupigia bosi wako, eks wako, pasta wako. Hao watu hawakukopa kitu. Wewe ndio uliwapeana.

Hii sio mambo ya kuvumilia tu. Sheria ya wakopeshaji wa kidijitali ya Benki Kuu ya 2022 inawakataza kupigia watu walioko kwa simu yako ili wakuaibishe, na kila mkopeshaji anafaa kuwa na leseni. Na mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliilima kampuni ya Mulla Pride, yenye ilikuwa inaendesha apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya kutumia namba za watu ilizopata kwa njia hiyo kuwatumia meseji na simu za vitisho. Kabla uweke apu, ingia kwa saiti ya Benki Kuu ucheki kama jina la kampuni liko kwa orodha ya wenye leseni. Kama haliko, wacha.

Na ukilipwa kwa data yako?

Hutasahau Agosti 2023. Foleni KICC ilikuwa kama ya tikiti za Harambee Stars. Worldcoin ilikuwa inapiga macho ya watu picha na kiduara cha chuma, unapewa tokeni zenye zilikuwa karibu thao saba. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha. Lakini macho ya maelfu ya watu yalikuwa yamechukuliwa tayari.

Sitakucheka kama ulipanga foleni. Thao saba ni rent ya mtu hapa Kapsoya. Lakini hesabu hivi: paswadi unabadilisha, laini unabadilisha, hata jina unaweza kubadilisha. Macho? Mei 2025 Mahakama Kuu ilisema data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe ndani ya siku saba chini ya uangalizi wa ofisi ya Kamishna wa Data. Sababu moja ya korti ni yenye inatuhusu sisi moja kwa moja: ukimpea mtu pesa ndio akubali, hapo hakuna kukubali kwa hiari. Weka hiyo kwa kichwa siku utaitwa kwa hema ya "jaza fomu upate tishati na soda".

Sheria iko, na inauma

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Inasema nini kwa lugha ya mtaa? Mtu akitaka data yako lazima akuambie ni ya nini. Lazima akubaliwe ama awe na sababu ya kisheria. Achukue tu yenye anahitaji. Ukitaka kujua ana nini juu yako, akuonyeshe. Iko na makosa, arekebishe. Hana sababu ya kuiweka tena, aifute.

Na ofisi ya Kamishna wa Data, yenye inaongozwa na Immaculate Kassait tangu 2020, haijakuwa ikilala. Desemba 2022 Oppo Kenya ililimwa milioni 5 juu ya kuweka picha ya mtu kwa Instagram yao bila ruhusa. Septemba 2023, siku ile ile ya Mulla Pride, klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, ililimwa 1,850,000 juu ya kuposti picha ya msee alikuwa amekuja tu kujienjoy. Na Roma School ya Uthiru ikalimwa 4,550,000 juu ya kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Rudia hiyo ya klabu. Wikendi umeenda kuinjoi hapa tao, fotografa anapita na kamera kubwa, Jumatatu uko kwa posta ya "Ladies Night" na bosi wako ameiona. Hiyo si "ndio maisha ya klabu". Uko na haki ya kusema toeni.

Kushtaki ni bure. Kwanza andikia hiyo kampuni kwa emaili, useme unataka nini: wafute, watoe, waeleze walipata wapi namba yako. Weka skrinshoti za kila kitu, na tarehe ionekane. Wakinyamaza, ingia odpc.go.ke ujaze fomu ya malalamishi. Sheria inawapea siku 90 kuamua. Mara kadhaa Kamishna ameamuru mwenye picha alipwe fidia.

Na hii ni ya madem na machali wote: mtu akisambaza picha zako za faragha, hata kama ulimtumia mwenyewe mkiwa mnapendana, amevunja Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018. Ni hadi miaka miwili jela, ama faini ya hadi laki mbili, ama vyote viwili. Akikutisha "nitumie doh ama nitaposti", usitume hata bob. Ukituma mara moja atarudi Ijumaa. Piga skrinshoti, mwambie mtu mmoja unayemwamini, nenda stesheni uandikishe OB.

Fanya hizi leo, si kesho

1. *Piga *106#.* Laini yenye huijui, beba ID uende dukani itolewe.

2. *Funga kuswapiwa.* Kama uko Safaricom, piga *100*100#. Hiyo inazuia laini yako kubadilishwa na ajenti wa nje. Itabidi wewe mwenyewe uende kwa duka lao na kipande yako.

3. *Weka PIN ya laini.* Hii si PIN ya M-Pesa. Iko kwa mipangilio ya usalama ya simu. Msee akikupora simu pale Main Stage, hawezi hamisha laini kwa simu nyingine apate meseji zako. PIN ya kuanzia iko kwa ile kadi ulitoa laini. Ukikosea mara tatu itataka PUK, kwa hivyo tafuta hiyo kadi kwanza.

4. *WhatsApp.* Ingia Settings, Account, uweke uthibitisho wa hatua mbili. Hata mtu akipata zile namba sita, bado atakwama. Ukiwa hapo angalia Linked devices. Ukiona kompyuta huijui, pengine ni ile ya saiba ya Jumanne. Itoe.

5. *PIN ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa.* Mkora mwenye ID yako yuko na huo mwaka. Hiyo ni kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kwa kufuli.

6. *Saiba.* Emaili na paswadi ujiwekee mwenyewe, hata kama ni pole pole. Ukimaliza, toka kwa akaunti zote, futa faili kwa Downloads, futa na kwa ndoo ya takataka ya kompyuta. Photokopi mbovu beba uende nayo.

7. *Ukituma picha ya ID, iandikie juu.* Chora mstari na maneno kama "Ya kuomba kazi kampuni fulani, tarehe fulani". Itafanya kazi uliyoituma kufanya, lakini mkora hawezi itumia kwingine kirahisi.

8. *Simu ya "customer care".* Kata. Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000, na hata hao hawaulizi PIN. Meseji ya ukora forwadi kwa 333, ni bure.

9. *"Nimekutumia kimakosa."* Usiangalie meseji, angalia salio. Meseji ya ukweli inatoka kwa MPESA, haitoki kwa 07 ya mtu. Kama pesa imeingia kweli, mwambie mwenyewe aforwadi meseji yake kwa 456, waireverse wenyewe. Usimtumie wewe.

10. *Cheki CRB.* Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Ukiona loni hujachukua, unapinga kabla haijakunyima kazi ama mkopo wa ukweli.

Na kama tayari imetokea?

Network ikipotea ghafla na jirani yako iko sawa, usikae ukizima na kuwasha simu nusu saa. Hiyo nusu saa ndio mkora anaihitaji. Omba simu ya mtu, piga 100, sema laini na M-Pesa zifungwe. Pigia benki yako. Tuma neno kwa grupu kupitia mtu mwingine: "si mimi, msitume kitu." Halafu beba kipande uende dukani, kisha stesheni uchukue OB namba, juu benki na kila mtu ataiuliza. DCI wako na laini ya bure pia, 0800 722 203.

Na usione aibu. Hii aibu ndio inawalisha. Mimi nilikaa miezi bila kuambia mtu ati nilituma ID yangu na selfi kwa mtu hata sijui sura yake. Siku nilisema kwa mbogi, wawili wakasema hata wao. Mmoja alikuwa ametumia msee huyo huyo.

Mwisho kabisa, kazi ya nyumbani. Wewe umesoma hadi hapa, uko rada. Lakini kuna mathe mahali, Turbo, Moiben, Burnt Forest, amepokea simu ya "customer care" wiki hii na hajui aulize nani. Jioni mpigie. Usimtumie linki, mpigie. Mwambie pole pole, kwa lugha yenye mnaongea nyumbani: "Hakuna mtu wa ukweli atakuuliza namba ya siri. Hata mimi. Hata ukiona ni namba yangu inaomba pesa, nipigie kwanza usikie sauti yangu."

Halafu mshikie simu yake, siku utaenda, na umpigie *106#.